Dohani ya Nne

Wapo wanaokisifu kielelezo cha Titanic kilichomo ndani ya sanduku la kioo kwa uaminifu wake: kila dirisha mahali pake, kila ribiti imehesabiwa, mashua 20 za kuokolea zimepangwa sawasawa. Kielelezo hicho hakistahiki sifa hiyo. Kinachoanzia sitahani na kukomea milingotini kimeiacha meli nje. Meli yenyewe ilikuwa chini: boila 29, tanuri 159, makaa yapatayo tani 600 kwa siku, na yote yakitiwa motoni kwa beleshi na mikono ya watu. Fundi huzipaka rangi dohani nne kwa subira ya mwaka mzima (na ya nne, ajabu, haikuunganishwa na boila hata moja), kisha huufunika mwili kana kwamba tumboni hamna mtu. Washairi nao wanaijua hila hii: vina vimetimia, mizani imetimia, na shairi ni maiti aliyekafiniwa vyema. Alfajiri ya 15 Aprili 1912 wahandisi wote wa meli ile walizama nayo, pamoja na wachochea moto wengi. Na kikatwe ubavu mmoja, makaa yaonekane.