Risala ya Wapangaji Wenye Familia wa Mji Mdogo wa Mpwapwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Watendaji na Wenyeviti wa Vitongoji,

Sisi wapangaji wa mji huu, wengi wetu walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, tunashukuru kwa kupewa nafasi hii. Tumevumilia kwa muda mrefu tukitumaini mambo yatatengemaa yenyewe. Hayakutengemaa, ndiyo maana tumekuja kwako.

1. Uhaba wa nyumba za familia. Mpwapwa ni mji wa vyuo. Wanachuo hutafuta chumba kimoja kimoja, na wenye nyumba wameshapiga hesabu: nyumba ya vyumba vitatu, ikipangishwa chumba kwa chumba, huingiza zaidi kuliko ikikaliwa na familia moja. Hatuwalaumu, nasi tungepiga hesabu hiyo hiyo. Lakini wanaobanwa ni wenye watoto. Baba, mama, watoto wanne na bibi wanaishi chumba na sebule. Watoto wa kike na wa kiume hutandikiwa sebuleni wageni wakishaondoka, na asubuhi kaya nne hupanga foleni ya choo kimoja. Mtumishi anayehamishiwa hapa huiacha familia alikotoka, akaendesha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Tunaomba Halmashauri itenge viwanja na kulialika Shirika la Nyumba la Taifa lijenge hapa nyumba za kupangisha za vyumba vitatu zenye jiko na choo cha ndani. Tunaomba pia vyuo vihimizwe kuongeza mabweni, kwani kila bweni litakalojengwa litapunguza msongamano mitaani.

2. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mshahara huingia kila mwezi, kodi hudaiwa ya nusu mwaka, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Kwa nyumba ya shilingi 150,000 kwa mwezi, mpangaji hutoa 900,000, kisha dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ni shilingi 1,050,000 kabla hata ya kukodi gari la kuhamisha kitanda. Fedha hiyo wengi wetu huikopa kwa riba. Tunaomba uwakutanishe wenye nyumba nasi, tukubaliane malipo yasiyozidi miezi mitatu, na madalali waandikishwe kwa watendaji ili wajulikane.

3. Mikataba ya mdomo. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi hupangwa kwa maelewano. Maelewano gani, ikiwa upande mmoja una funguo na mwingine una watoto? Kodi hupandishwa kwa ujumbe wa simu, na notisi huja watoto wakiwa katikati ya mitihani. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini asiye na karatasi ataanzia wapi kulalamika? Tunaomba Halmashauri iandae mkataba wa mfano kwa Kiswahili, usainiwe mbele ya mtendaji, ukionyesha muda wa notisi na nani atakarabati paa na bomba.

4. Kodi ya jengo kupitia LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa tunaponunua umeme, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni fedha ndogo, lakini jengo si letu. Tunaomba wenye nyumba waelekezwe kuipunguza kwenye pango.

Mheshimiwa, tunajua si yote yaliyo ndani ya mamlaka yako. Yanayokuzidi tunaomba uyafikishe Wizara ya Ardhi. Yaliyo mkononi mwako tunaomba yaanze kwa kikao cha pamoja, kabla vyuo havijafunguliwa, kwa sababu huo ndio wakati kodi hupanda.

Tunaomba kuwasilisha.

Wapangaji wenye familia,
Mji Mdogo wa Mpwapwa.