MAONI YETU: NGANO, MAJI NA KILEMBA



Wengi wetu tumefanya kazi bega kwa bega na Makalasinga, relini na katika karakana. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alikuwa katibu wa Labour Trade Union of Kenya tangu 1935, na Serikali ya kikoloni ikamweka kizuizini kutoka 1950 mpaka 1961. Basi habari za Punjab si za watu baki. Nasi twasikia mara nyingi ikisemwa ya kwamba Makalasinga waliotaka kujitenga na India, wawe na nchi yao ya Khalistan, walisukumwa na dini tu. Hatukubali. Dini ilikuwamo, lakini iliikuta nyumba imekwisha kujengwa na mambo ya shamba na ya utawala.

Tazameni ngano. Katika miaka ya 1960 mbegu mpya zenye asili ya Mexico zilipandwa Punjab, pamoja na mbolea na pampu za kuvuta maji ya chini ya ardhi. Jimbo hili dogo, lisilofika sehemu mbili katika mia ya ardhi ya India, likawa linatoa zaidi ya nusu ya ngano iliyonunuliwa na Serikali kwa ghala la nchi nzima. Lakini bei ya ngano ilikatwa Delhi, na bei ya mbolea na dizeli ikazidi kupanda. Mwenye eka nyingi alivumilia. Mwenye eka tatu alikopa, kisha akakodisha shamba au akaliuza. Wanawe walikuwa wamesoma, na viwanda vya kuwaajiri vilikuwa haba. Kijana wa namna hiyo hakosi mtu wa kumjia na bunduki.

Halafu maji. Jimbo la wasemao Kipunjabi lilipatikana 1966, baada ya madai ya miaka mingi ya chama cha Akali Dal, na Haryana ikakatwa mbali. Mji mkuu, Chandigarh, ukabaki mkononi mwa Delhi, na mgawanyo wa mito pia. Mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, wapinzani wakiwa gerezani, Indira Gandhi aliamuru Haryana ipate maji sawa na Punjab. Serikali ya Akali ikaenda mahakamani 1979, ikaondolewa 1980, na watu wa Congress walioshika jimbo wakakubali 1981 kuifuta kesi hiyo. Mtu akinyimwa hakimu, ataongea na nani?

Akali walikuwa wamekwisha kudai, katika azimio la Anandpur Sahib la 1973, kwamba Delhi ishike mambo machache tu, kama ulinzi, fedha na mambo ya nje, na majimbo yajitawale katika mengine. Hayo si madai ya kujitenga. Congress, badala ya kujadiliana, ilimtia moyo kwanza mhubiri Jarnail Singh Bhindranwale ili awagawanye Akali. Akawashinda wote. Juni 1984 jeshi liliingia kwa vifaru katika Hekalu la Dhahabu, Amritsar. Oktoba 31 Indira Gandhi akauawa na walinzi wake. Na Delhi peke yake Makalasinga 2,733 wakachinjwa kwa hesabu ya Serikali yenyewe. Waliokuwa hawajafikiria Khalistan kabla ya hapo, wakaifikiria.

Na kibarua je? Mwenye shamba aliyelilia bei ya ngano ndiye aliyembania kibarua ujira, awe Kalasinga asiye na ardhi au mgeni kutoka Bihar. Wenye bunduki walipochacha, vibarua wa Bihar nao waliuawa, maskini waliofuata mavuno tu. Jambo hili halitajwi sana, nasi twalitaja kwa makusudi.

Mapatano ya 1985 kati ya Rajiv Gandhi na Harchand Singh Longowal yaliahidi kwamba Punjab itapewa Chandigarh Januari 1986. Longowal aliuawa kabla mwezi mmoja haujatimia. Mji haukutolewa. Vita vya bunduki vilizimwa na polisi katika miaka ya 1990, kwa mauaji mengi yasiyo na kesi, lakini mfereji wa kupeleka maji Haryana haujamalizika mpaka leo, na wakulima waliopiga kambi mipakani mwa Delhi 2020 na 2021 walikuwa bado wanadai habari ya bei ya ngano.