Tiba ya usemi Mara: Mashine haijui Kizanaki

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KIJANA wa kidato cha sita mjini Musoma akiambiwa kuwa ipo shahada ya sayansi ya mawasiliano, mawazo yake hukimbilia redio, magazeti au minara ya simu. Ni nadra kumfikiria mtoto wa miaka minne asiyeweza kutamka jina lake, au mzee aliyepoteza kauli baada ya kiharusi. Hao ndio wanaohitaji wataalamu wa taaluma hiyo, wa usikivu na wa tiba ya usemi na lugha.

Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyetaka kuisomea alilazimika kuvuka mpaka. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Sasa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kinafundisha usikivu na usemi katika shahada ya kwanza. Hata hivyo, mlango wake ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Aliyechagua mchepuo wa lugha akidhani ndiyo njia, amekwishapotea tangu kidato cha tano.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, baada ya miaka ya kupeleka watoto India. Mafanikio hayo yana sharti lisilozungumzwa sana: kifaa kikishawashwa, mtoto hufundishwa kusikia na kusema kwa miezi, pengine miaka. Mtoto wa Bunda hawezi kusafiri zaidi ya kilometa 1,000 kila wiki kufuata somo hilo.

Aidha, Mara ina ugumu wake. Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa huu una watu zaidi ya milioni 2.3, wanaozungumza Kijita, Kikurya, Kizanaki, Kiikizu, Kiluo na lugha nyingine. Mtoto wa Butiama anayelelewa kwa Kizanaki akinyamaza darasani, je, hasikii, ana tatizo la usemi, au hajazoea Kiswahili tu? Mashine hupima sauti, haipimi lugha. Vipimo vingi vya lugha vilitungwa kwa Kiingereza, ambacho hakina ngeli. Haviwezi kusema iwapo mtoto anayetamka “kitabu yangu” amechelewa au bado anajifunza kama wenzake. Katika Kikurya, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili hata wakati wa kitenzi. Mgeni hasikii tofauti hiyo, sembuse kuisahihisha.

Ndiyo maana mhitimu aliyezaliwa Mara ana thamani ambayo mtaalamu wa kuazimwa hana. Lakini atarudi wapi? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini zina mtaalamu wa usikivu pungufu ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Uhaba huo humfanya agombewe na miji mikubwa. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ndizo zinazoombea ikama ya hospitali zao, na nafasi isiyoombwa haitangazwi.