Hela ya matumizi na zamu ya kumwona mtoto

Ndoa ikivunjika huku kwetu Kigoma, mara nyingi mama hupanda na watoto kurudi kwao Kalinzi, kwenye kahawa na migomba, baba akabaki chini, Ujiji au mwaloni Kibirizi. Miezi ya mwanzo mambo huenda. Kisha hela ya matumizi inachelewa na mama anasema: hujatuma, humwoni. Baba naye anajibu: simwoni, situmi. Mtoto akitimiza miaka saba, shangazi na baba mdogo wanapanda gari la Manyovu kwenda kumchukua, kwa kuwa eti umri umefika.

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya wazazi wa namna hiyo, na msimamo wetu tunautaja mapema. Kauli zote tatu hazisimami mbele ya sheria ya Tanzania Bara.

Tuanze na hiyo miaka saba, maana ndiyo inayopotosha wengi, hata wazee wa kuheshimika. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mtoto aliye chini ya umri huo achukuliwe kuwa ni heri kwake kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi. Hakuna mahali kilipoandika kwamba akifika saba anakabidhiwa kwa baba. Akivuka umri huo, mahakama hutazama kwanza ustawi wake, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza, na mila za jamii yao. Ndiyo, mila zimo. Waha huhesabu ukoo kwa baba, na mahari ikishatolewa watu huona neno limekwisha. Lakini sheria imeiweka mila nyuma ya ustawi wa mtoto, na sisi tunaona imefanya vyema. Anayemtoa mtoto kinyume cha sheria mikononi mwa mzazi aliyepewa malezi anatenda kosa, awe shangazi au baba mwenyewe.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo tungependa wasomaji wetu watulie. Kifungu cha 26 hakizungumzii haki ya baba wala ya mama. Kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla, haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea na kumtunza, na haki ya kwenda kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila apendapo, mradi masomo yasivurugike. Mwenye madai hapo ni mtoto. Mama anayemfungia mtoto kwa sababu hela haijaja amemnyima mtoto kitu ambacho si mali ya mama kukiuza, na baba anayeacha kutuma kwa sababu hakumwona amefanya hivyohivyo. Deni la matunzo lina njia yake mahakamani, na zamu ya kumwona mtoto nayo ina yake.

Hata hivyo, tusiwafanye akina baba wa ziwani wote kuwa wakorofi. Amri ya kutoa kiasi fulani kila mwezi inamfaa mwenye mshahara. Mvuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa ufukweni. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na amri za matunzo hazikufungwa pamoja nao. Mkulima wa kahawa naye hushika fedha ya maana msimu wa mauzo tu. Sheria inaitaka mahakama ipime kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Na amri iliyokwisha kutolewa inaweza kubadilishwa. Baba aliyekwama arudi kwa hakimu akaeleze. Akinyamaza, deni linaendelea kuhesabiwa, na ujumbe wa muamala alioufuta kwenye simu ndio uliokuwa ushahidi wake. Mama mwenye daftari la ada, sare na dawa, lenye tarehe, huwa na la kuonyesha.

Afisa ustawi wa jamii anaweza kupatanisha na kuiandikia mahakama taarifa ya uchunguzi, lakini amri ya malezi hutoka mahakamani. Makubaliano ya mdomo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji hudumu mpaka ugomvi unaofuata.

Na yupo asiyeulizwa: bibi. Watoto wengi wa ndoa zilizovunjika hawalelewi na baba wala mama, wanalala kwa bibi huku wazazi wote wawili wakihangaika mjini. Sheria ya Mtoto inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba malezi, na hata kuomba nafasi ya kumwona akiondolewa. Kurasa za kati za toleo hili ni zake.