Wadau, "rimu 15" si saizi ya tairi

Nimepotea kidogo, mniwie radhi, mambo ya shifti za usiku mnayajua.

Leo sina habari za makaratasi wala za kubeba maboksi. Nataka tuongee juu ya matairi, hasa yale ya mtumba tunayojaza kwenye kontena kila tukipata nafasi. Najua kuna watakaonuna. Lakini nimeamua kusema kwa sababu na mimi nilikuwemo.

Mwaka 2018 mdogo wangu alikuwa na Hiace, inapiga ruti ya Tanga na Korogwe. Akanipigia: "Kaka, matairi ya nyuma yamekwisha, nifanyie mpango." Nikamuuliza swali tunalouliza wote: rimu namba ngapi? Akajibu 15. Nikasema hilo dogo. Hapa Reading nikapata jamaa anayeuza yaliyotumika, nikachukua manne ya rimu 15: mawili yafungwe, mawili yawe akiba. Kashata zimesimama vizuri, bei ya kutupa. Yakaingia kwenye kontena, baada ya miezi miwili hivi yakafika. Sifa nilizopata kwa ukoo mzima, acheni tu.

Wiki ya tatu simu ikalia saa tano usiku. Tairi moja la nyuma limepasuka karibu na Muheza, gari imejaa abiria. Mungu mkubwa, gari iliyumba ikaishia kwenye majani. Mama mmoja alivunjika mkono, wengine michubuko. Mdogo wangu wala hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, fundi ananiambia yale matairi ni ya gari ndogo." Sikulala mpaka asubuhi.

Kesho yake nikamwomba apige picha ubavuni mwa tairi lake la zamani na la kwangu. La zamani: 195 R15C 106/104. La kwangu: 195/65 R15 91H. Kwa macho ya haraka ni ndugu, yote 195, yote 15. Ndiyo maana fundi wa kwanza aliyafunga bila kelele, yaliingia kwenye rimu kama kawaida. Sasa tuzisome hizo namba polepole.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. R ni radial, jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo tukisema "rimu 15" tumetaja namba moja tu katika orodha nzima, tukadhani tumemaliza.

Namba iliyompasukia mdogo wangu ni ile inayofuata. 91 ni alama ya uzito, na maana yake tairi moja linabeba kilo 615. 106 maana yake ni kilo 950, na 104 ni kilo 900 pale matairi yanapofungwa mawili mawili. Ile C inaonyesha ni tairi la gari ya kazi. H ni mwendo, kilomita 210 kwa saa, kitu ambacho Hiace ya Korogwe haina haja nacho kabisa.

Piga hesabu mwenyewe. Hata kama yangefungwa yote manne, 615 mara 4 ni kilo 2,460. Hiace tupu ni zaidi ya tani moja na nusu. Pakia watu 15 wa kilo 65, hiyo ni karibu tani moja nyingine, na hujaweka magunia, ndoo za samaki wala konda. Kumbuka pia mzigo mwingi unakaa nyuma. Yale ya kwake halali yalikuwa na uwezo wa kilo 3,800. Nilimpelekea mdogo wangu viatu vya harusini aende navyo kulima.

Kuna na la pili. Ubavuni pana herufi DOT, na mwisho wake namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yale yangu yaliandikwa 2207, wiki ya 22 ya mwaka 2007. Kwa hiyo yalikuwa na miaka 11! Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo. Unakauka, unapata nyufa, na kashata haziwezi kukuambia hilo. Tusidanganyane jamani, kashata nzima siyo tairi zima.

Wenyeji hapa walijifunza kwa msiba. Mwaka 2012 basi lililokuwa linarudisha vijana kutoka tamasha la muziki kule Isle of Wight lilipasuka tairi la mbele huko Surrey, wakafa watu watatu. Tairi lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Mama wa kijana mmoja aliyekufa akapiga kelele miaka na miaka, mpaka tarehe 1 Februari 2021 sheria ikaanza: tairi la zaidi ya miaka 10 marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya minibasi yanayofungwa moja moja.

Sasa hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hiace ya mdogo wangu ingekuwa inabeba abiria hapa Reading, ni minibasi hiyo. Tairi ambalo leo ni kosa kumfungia abiria wa hapa, kwa nini mimi nilifunge kwa mama wa Muheza halafu niite msaada?

Najua mtaniambia: wewe unaongea hivyo kwa sababu uko Ulaya, mtumba umetuokoa wengi. Kweli. Sikatai mtumba wote, hata sheria ya hapa inaruhusu kuuza tairi lililotumika, bora kashata zisipungue milimita 2 na liwe na mhuri wa PART-WORN. Wengine mtasema jipya ni ghali. Nalo kweli. Lakini mimi nililipia manne, nikalipia nafasi ya kontena, nikalipia hospitali ya yule mama na matengenezo ya gari. Hesabu ile ingenunua mapya mawili ya saizi yake palepale Tanga, na chenji ikabaki.

Na kubadilisha saizi si haramu, ila kuwe na hesabu. Kwa mfano 195/65 R15 na 205/55 R16 urefu wake kutoka chini hadi juu unatofautiana chini ya milimita 3, ndiyo maana gari moja ndogo unaweza kuikuta na rimu ya 15 au ya 16. Lakini kila saizi na rimu yake, na uzito usishuke chini ya ule wa kiwandani.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniomba tairi, simuulizi rimu. Namwambia nitumie kwa WhatsApp picha mbili: ubavu wa tairi lililopo, na kile kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana tairi lililopo nalo huenda lilifungwa kimakosa. Gari ya Japani upepo umeandikwa kwa kPa, 220 ni kama 32 ya kwetu. Nikifika dukani natafuta ile tarehe kabla ya bei. Nisipopata saizi yenyewe, natuma hela anunue huko. Hakuna sifa kwenye kutuma hela ya tairi, hakuna anayepiga picha. Basi.

Yule mama mkono ulipona. Nilipokwenda likizo nilimpelekea kanga, akanishukuru sana kwa kumjali. Hajui matairi yalitoka kwa nani. Mdogo wangu anajua.

Haya wadau, kabla hujalala leo shuka kwenye paking ukasome ubavu wa tairi lako. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.