Nani Alisema Chokoleti ni ya Wazungu?

Desemba iliyopita nilichekwa ndani ya teksi, njiani kutoka Kasese kwenda Bwera. Abiria mwenzangu, mwanafunzi kama mimi, alikuwa amebeba pakiti za chokoleti kutoka duka moja kubwa la Kampala, zawadi ya Krismasi kwa wadogo zake. Nikamwambia kwamba sisi mwaka huu tutatengeneza zetu wenyewe nyumbani, kwa kakao ya shangazi yangu. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Chokoleti ni kitu cha Wazungu wewe! Utaipikia wapi? Kwenye sufuria ya posho?"

Insha hii ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa wengi wetu hapa chuoni, maana maneno kama yale nimeyasikia hata kwa watu waliosoma kuliko yeye.

Tuanze na hao Wazungu. Mkakao haukuota Ulaya hata siku moja; baridi ya huko ingeuua. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini, na watu wa Meksiko na nchi jirani walikuwa wakizikaanga mbegu zake na kuzisaga juu ya jiwe karne nyingi kabla Mhispania wa kwanza hajatia mguu kwao. Juu ya jiwe, ndugu msomaji, kama lile ambalo bibi zetu walisagia ulezi. Leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Hapa Uganda, wilaya inayoongoza ni Bundibugyo, upande wa pili wa Rwenzori. Ng'ambo ya mpaka wetu, Beni nako wanalima, na kwetu Bwera gunia la kakao si jambo la kumshangaza mtoto. Wahenga walisema mlimaji ni mmoja, walaji ni wengi. Sisi tumewazidi wahenga: kwetu mlimaji hayumo kabisa kati ya walaji.

Shangazi yangu ana mikakao kwa miaka kumi na zaidi. Imelipa karo za watoto wake, na zangu kidogo. Nilipomuuliza wanunuzi huifanyia nini kakao yake, alijibu, "Nasikia ni dawa, mwanangu. Wengine wanasema ni rangi." Hakuwa akitania. Hakuwa ameonja chokoleti hata mara moja. Je, wanafunzi wenzangu, hili ndilo jambo la kuchekea?

Basi tukaanza kazi siku tatu kabla ya Krismasi. Shangazi alikuwa na kakao ya aina mbili ndani. Ya kwanza aliivundika siku sita ndani ya sanduku la mbao, chini ya majani ya mgomba, akiigeuza, kisha akaianika juani mpaka ikakauka vizuri. Ya pili aliianika moja kwa moja bila kuivundika, kwa sababu alihitaji fedha haraka na aliogopa wezi. Tulizikaanga mbalimbali kwa moto mdogo, tukazimenya maganda, tukazipepeta kwa ungo, tukazitwanga kwenye kinu. Hapo ndipo watoto walipopiga kelele, kwa maana unga ule ulianza kulainika na kuwa uji mzito bila mtu kutia maji. Karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, na joto la kutwanga likayafungua. Tukamalizia juu ya jiwe, tukachanganya sukari iliyotwangwa.

Fungu la kwanza niliharibu mimi. Nilitaka iwe ya maziwa kama ya dukani, nikamimina kikombe cha maziwa mabichi. Papo hapo ikagandamana ikawa mabonge kama udongo, kwa sababu chokoleti iliyoyeyuka haipatani na maji hata kidogo. Shangazi alinitazama tu. Tukayafanya mabonge yale kinywaji cha asubuhi. Fungu la pili tulilichanganya na karanga za kusaga, tukalidondosha kwa kijiko juu ya majani ya mgomba, tukaliacha chumbani penye ubaridi. Asubuhi yake zilibanduka zenyewe. Krismasi watoto wa nyumba nne walikula chokoleti ya Bwera.

Lakini lililonifanya niandike halikutokea siku ya Krismasi. Lilitokea tulipokuwa tunaonja. Shangazi alionja ile iliyovundikwa akatabasamu. Kisha akaonja ile isiyovundikwa. Ilikuwa chungu na kali, inakausha ulimi. Akachukua mbegu mbili mbichi akazikata kwa kisu: moja kahawia ndani, nyingine ya zambarau. Akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe hiki ndicho wanachonunua. Na miaka yote mtu yule ananilipa bei moja!"

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mwezi Januari alikwenda kwa mnunuzi wake na magunia mawili, akakata mbegu mbele yake, akataka bei mbili. Hakuongezewa hata shilingi mia. Alifunga gunia zuri, akalipakia kwenye bodaboda, akalipeleka kwa mwingine anayeitenga kakao iliyovundikwa na kuilipia zaidi. Semina hakuwahi kuhudhuria. Alichokuwa nacho ni ulimi wake.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Mtu atasema peremende za nyumbani hazilipi. Ni kweli, na sitabisha. Ukihesabu mbegu, sukari, kuni na siku nzima ya watu watano, ni afadhali uuze mbegu zenyewe. Lakini mbona hatuulizi faida tunapopika pilau ya sikukuu? Tena bei ya mbegu si ukuta wa kuegemea. Desemba 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 katika soko la New York; mwaka uliofuata ikaporomoka. Mkulima asiyejua kakao yake inakuwa nini hupokea habari zote mbili kama mvua: inanyesha, haina wa kuulizwa.

Mwingine atasema chokoleti yetu ina chengachenga. Ndiyo, ilikuwa nazo. Hata ya Ulaya ilikuwa nazo mpaka Rodolphe Lindt, Mswisi, alipobuni mwaka 1879 njia ya kuisugua kwa muda mrefu katika mashine. Kama wao walikula yenye chenga bila aibu, sisi tunaona aibu ya nini?

Wa tatu, na huyu ndiye hatari zaidi, atasema tusubiri serikali ijenge kiwanda. Kasese haina haja ya kufundishwa habari za kusubiri. Reli ilifika mjini mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikaenda zake ng'ambo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ukasimama. Babu zetu waliichimba na kuipakia. Wangapi waliona ilikuwa nini baadaye? Sipingi viwanda. Ninachosema ni kwamba kiwanda kikija kwa watu wasioijua mali yao, kitawakuta ni wapakiaji na kitawaacha ni wapakiaji.

Kwenu walimu wetu nina ombi moja, kwa heshima. Kila tarehe 7 Julai tunaandika insha juu ya umuhimu wa Kiswahili. Nilipotaka kumweleza mfanyabiashara wa Kongo tulichofanya, nililazimika kuazima neno "kuvundika" kutoka kwa ndizi, na akanielewa. Tupeni kazi za namna hii: tuandike jinsi kakao, kahawa ya Kyarumba na chumvi ya Katwe zinavyotengenezwa, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili ambacho shangazi zetu na majirani zao wa Kasindi wanaweza kusomewa wakaelewa.

Na wewe uliyenicheka, kama insha hii imekufikia, Desemba tutatwanga tena. Teksi za Bwera hujaa mapema wakati wa sikukuu, kwa hiyo usichelewe. Kakao ipo. Wewe njoo na sukari.