Kadhi Aliyeanza na Gazeti

Kesi za ndoa hufika kwa kadhi nyumba imekwisha vunjika, na za mirathi hufika ndugu hawasalimiani tena. Hakimu hukata shauri. Kuzuia balaa si kazi aliyopewa. Ndiyo maana maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui yanafaa kutazamwa upya, kwani yeye alianza na kalamu, kiti cha hukumu kikaja baadaye.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alisomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akapata elimu kwa mabingwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Mwaka 1930 alitoa gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo hakumbembeleza mtu. Aliwakemea watu wa pwani kwa israfu, kwa bidaa, kwa kuwaiga Wazungu katika starehe huku elimu yao wakiiacha nyuma, na akahimiza watoto wa kike wasomeshwe. Makala hizo ndizo zilizokusanywa katika kitabu cha Uwongozi.

Akawa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki 1947.

Cheo kilikuwa kikubwa, mamlaka yake finyu. Waingereza, waliokabidhiwa utawala wa ukanda wa pwani kwa mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar, waliziacha mahakama za kadhi, lakini wakazibana katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Hukumu huwafunga waliosimama mbele ya kadhi tu. Makala humfikia kila ajuaye kusoma, na asiyejua husomewa barazani.

Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, nao walifika kwenye ukadhi mkuu, na wote wawili waliandika kwa Kiswahili. Farsy ndiye aliyetufasiria Kurani nzima.

Leo je? Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimewaachia makadhi mambo yaleyale ya ndoa, talaka na mirathi, na mafaili yamejaa. Enyi masheikh mnaoyasikiliza mashauri haya kila siku, mnayajua maradhi yetu kuliko yeyote. Ficheni majina ya watu, lakini andikeni, tena kwa Kiswahili, tusome kabla hatujafika mlangoni kwenu.